Mguu wa Kulia

Wa kwanza kuikubali plasta ya Cornel Nkwabi alikuwa mbuzi. Aliikubali kwa moyo wote, kuanzia kwenye vidole hadi karibu na goti, wakati mwenye mguu amelala kwenye kiti uani, mdomo wazi, baada ya chakula cha mchana. Cornel alipozinduka alimkuta beberu anatafuna taratibu, macho yamemlegea kwa utamu. Mguu wenyewe ulikuwa mzima, haujavunjika popote. Cornel alikuwa amejifunga mwenyewe ili aone kama dawa yake ya kufungia mifupa ingedumu wiki nzima. Ilidumu mpaka saa nane mchana.

Huyu Cornel alikuwa daktari msaidizi kwenye hospitali ndogo iliyoko njia ya kutoka Didia kwenda Shinyanga mjini. Mwaka ulikuwa 1983, mwaka ambao mtu akiona foleni anaunga kwanza ndipo anauliza kinachouzwa. Sabuni iliadimika, mafuta ya taa yaliadimika, na hospitalini ikaadimika plasta, ile nyeupe ya unga inayotoka ng'ambo, ambayo ukiilowesha na kuuzungushia mguu uliovunjika inaganda na kuwa ngumu kama ukuta. Lakini watu hawakuacha kuvunjika kwa sababu plasta imekwisha. Walianguka kwenye magari ya ng'ombe, walipigwa mateke na madume, na wale wachimbaji wadogo wa Maganzo waliangukiwa na vifusi mashimoni mwao. Cornel aliwafunga kwa mbao za masanduku na makaratasi magumu, akawaombea heri. Wengi walipona wakiwa na miguu inayoelekea mahali ambapo wenyewe hawaendi.

Jambo hilo lilimuuma. Kila alipomwona mtu aliyemtibu akipita barabarani kwa kuchechemea, alikuwa anageuza uso na kujifanya anaangalia ndege. Ndipo asubuhi moja, mkewe Limi akiwa anapiga pasi shati la shule la mtoto wao Otmar, shati lililotiwa wanga wa muhogo, Cornel akaligonga kola kwa ukucha. Kola likatoa mlio, ko, ko.

"Mama Otmar," akasema, macho yamemtoka, "hii ni plasta!"

"Hilo ni shati, Baba Otmar," akasema Limi. "Na mtoto anachelewa."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikageuka maabara. Sufuria la ugali likapikiwa uji wa wanga, ungo ukaanikiwa vitambaa, na Limi akawa anaazima vyombo kwa majirani kama mtu aliyeunguliwa nyumba. Cornel alichanganya wanga na pamba ya Kishapu na gundi inayotoka kwenye magome ya migunga. Athanas, mpiga picha za mifupa wa hospitali, ndiye aliyemwonyesha namna ya kupima. Kabla ya hapo Athanas alifanya kazi kwenye karakana ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, mpaka mgodi ulipofungwa, na huko aliona jinsi kamba za chuma zinavyovutwa makusudi hadi zikatike.

"Usiibembeleze," Athanas alimwambia. "Pakia mpaka ivunjike, halafu uangalie imevunjikia wapi."

Basi wakawa wanafinyanga mirija yenye unene wa muundi wa mguu, wanaianika, wanailaza juu ya matofali mawili, wananing'iniza ndoo katikati na kutia mawe moja moja. Wanga peke yake ulipasuka kama sahani. Gundi peke yake ilikataa kukauka. Pamba peke yake ilibaki kuwa pamba. Lakini vyote vikiwa pamoja, kwa kipimo chake, pamba ilivuta, gundi ikashika, muhogo ukakaza, na ndoo ikajaa mawe bila mrija kutikisika. Siku ile Cornel alicheza peke yake uani, na kwa kuwa hajui kucheza, kuku walikimbia.

Halafu ndiyo akaja yule mbuzi. Cornel akaongeza maji ya majani ya mwarobaini ili plasta iwe chungu, akajifunga tena, akaenda nayo kanisani Jumapili. Ikanyesha mvua. Alipopanga mstari wa kupokea komunyo, nyuma yake kulikuwa na njia nyeupe ya uji kutoka mlangoni, na mama mmoja aliyekanyaga pale akateleza, akashikwa na wenzake. Jumatatu Cornel akapanda basi la kwenda kwao Ushirombo, kwenye asali nyingi, akarudi na mzigo wa nta ya nyuki wa kupaka juu ya plasta ili isiingize maji. Abiria walimwuliza kama anakwenda kutengeneza mishumaa. Akajibu kwamba anatengeneza miguu.

Watu wakamwita Daktari Makopa, kwa ajili ya ule muhogo mkavu aliokuwa anaununua gulioni kwa magunia, naye akaitika. Alikuwa na kinga moja tu maishani: alijicheka kabla hajachekwa. Ukimkuta na uji hadi kwenye nyusi, atakuambia mwenyewe kwamba yeye ni daktari wa kwanza nchini ambaye wagonjwa wake wakishindwa kupona wanaweza kuliwa na mboga. Baada ya hapo ungebaki huna la kusema.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha hata siku moja, nalo ni kusoma picha za mifupa. Hapo alijiona bingwa. Alikuwa anaichukua picha, anaiinua dirishani kwa vidole viwili, anakunja uso, na kutamka. Alipenda kuwaambia wauguzi kwamba yeye hana haja ya kumwona mgonjwa. Akiuona mfupa, amemwona mtu. Maneno hayo aliyasema mara nyingi, na kwa sauti kubwa.

Msimu wa kuuza pamba ulipofika, mama mkwe wake akaanguka.

Pale Didia watu walimwita Ng'wana Mageni. Cornel hakumwita jina lolote, maana kwa mila za huko mtu na mama mkwe wake hawatajani, hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja na hawali pamoja. Wakikutana njiani kila mmoja anaingia kichakani upande wake mpaka mwenzake apite. Kwa miaka yote ya ndoa yake, alichokijua Cornel kuhusu mwanamke yule ni sauti yake na kisogo chake. Hata hivyo alimpenda sana. Otmar alipougua surua, yule mama alikuja kwa miguu kutoka Didia akiwa na kuku na viazi, akakaa jikoni juma zima, na Cornel akawa anaingilia mlango wa nyuma nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi, kwa heshima.

Ng'wana Mageni alikuwa mjane. Alilima pamba yake mwenyewe, alikwenda gulioni kwa miguu yake mwenyewe, na hakuwa na mtoto mwingine ila Limi. Siku ile alikuwa amekaa juu ya magunia kwenye gari la ng'ombe, gurudumu likaingia shimoni, gari likapinduka, magunia yakamfuata chini. Walimleta hospitalini na gari lilelile, amefunikwa kitenge kuanzia kiunoni hadi miguuni.

Athanas alimpiga picha. Ilibaki filamu moja tu, akaitumia pale alipobonyeza mgonjwa akapiga kelele. Kisha akamletea Cornel ile picha barazani, bado inachuruzika maji.

"Ni muundi," akasema. "Una ufa mrefu lakini haujahama. Ukifungwa vizuri utaunga. Usipofungwa..." Akakatiza hapo, akaenda kuangalia jenereta. Athanas naye alikuwa Msukuma, na hakuona vizuri kusimama na mwanamume akimsimulia habari za mguu wa mama mkwe wake.

Limi akaja, macho mekundu. "Baba Otmar, goti moja limechubuka lote, limevimba. Nimepiga simu mjini, wanasema hata wao hawana plasta. Na gari la kumpeleka Mwanza hakuna." Akamshika mkono. "Iko yako tu."

Mbuzi, uji wa kanisani, yote hayo Cornel alikuwa ameyacheka kwa sababu yalimpata yeye. Huyu alikuwa mama wa Limi. Mguu huu ukipinda, yule mwanamke hatalima tena, hatakwenda gulioni tena, atakaa kwenye mkeka akisubiri kuletewa, na kila siku ya Mungu Limi atamwona hivyo na kukumbuka nani aliyemfunga. Alitafuta la kujitania kwa hilo, akakosa.

Akafanya alichokijua. Akaiinua picha dirishani kwa vidole viwili, akakunja uso. Mguuni kuna mifupa miwili chini ya goti, mnene na mwembamba, na ule mwembamba hukaa upande wa nje. Ukiona mwembamba uko upande gani, unajua kama mguu ni wa kulia au wa kushoto. Herufi za madini ya risasi za kuonyesha upande kwenye filamu zilikuwa zimepotea zamani, na jina la mgonjwa Athanas aliliandika pembeni kwa mwandiko wake, ambao ulisomeka sawa mbele na nyuma, yaani haukusomeka. Cornel aliutazama ule mfupa mwembamba, akatikisa kichwa kama jaji. Angeweza kumwuliza mkewe ni mguu upi. Lakini mkwe kuuliza habari za mguu wa mama mkwe si adabu, na bingwa kuuliza si ubingwa.

Wakatundika shuka katikati ya chumba. Upande mmoja, kitandani, alilala mama, na Limi pembeni yake na beseni la uji na vitambaa. Limi alikuwa amemsaidia mumewe kujifunga mara nyingi mno kwenye yale majaribio, kiasi kwamba mikono yake iliijua kazi ile kuliko kusuka nywele. Upande wa pili alisimama Cornel, na ingawa shuka lilikuwa zito, akaugeukia ukuta kwa heshima ya ziada.

"Shikamoo, mama," akauambia ukuta.

"Marahaba, mkwe," sauti ikajibu kwa kugumia.

"Pole sana, mama. Mama Otmar, sikiliza vizuri. Uliovunjika ni mguu wa kulia. Huo ndio wa kufunga."

Wakanong'onezana kwa Kisukuma. Halafu Limi akauliza, "Baba Otmar, mama anasema, umesema wa kulia?"

"Wa kulia."

"Una hakika ni wa kulia?"

"Mama Otmar, picha ninayo mkononi! Wa kulia kabisa."

Wakanong'onezana tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo. Kisha Ng'wana Mageni mwenyewe akapaza sauti, kwa Kiswahili chake cha gulioni, na pamoja na maumivu yake ilikuwa sauti ya mtu aliyefurahi.

"Amesema kweli mkwe! Ndiyo huu wa kulila. Mayu wane, mama yangu we, amejuaje, na hajaniona?"

Cornel aliposikia lile "kulila" alitabasamu. Kiswahili cha Didia! Kichwa chake kikavimba kuliko lile goti.

"Ni sayansi, mama," akauambia ukuta.

Akaanza kuelekeza. Pamba kavu kwanza, kuzunguka yote. Halafu kitambaa kilicholoweshwa, usikaze sana, usilegeze sana, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Kisigino kiachiwe nafasi. Kazi ilipokwisha, wakamlaza karibu na dirisha la upande wa jua, maana ilikuwa kiangazi, na kesho yake Limi akapaka nta. Kabla mgonjwa hajarudishwa Didia, Cornel alitoa amri yake ya mwisho nyuma ya lile shuka.

"Mguu wa kulia usiguse chini kabisa mpaka niseme. Ule mwingine aukanyagie, aufanyie mazoezi, usije ukalala."

"Nimesikia, mkwe," ikajibu sauti. "Wa kulila haugusi chini."

Miezi miwili na ushei ikapita. Limi alikuwa anakwenda Didia kila juma na kurudi na habari: plasta imekaa, nta inang'aa, mbuzi wamenusa wakaondoka. Cornel hakuweza kwenda kuangalia, na kutoangalia kule kukampa nafasi ya kusimulia. Alisimulia kwa wauguzi, alisimulia kwa padri, alisimulia dukani kwa watu waliokuja kutafuta chumvi. Jinsi alivyousoma ule mfupa dirishani. Jinsi mama mwenyewe alivyoshangaa nyuma ya pazia. "Amejuaje, na hajaniona?" alikuwa anaiga ile sauti, kwa heshima lakini kwa nguvu. Habari zikapanda garimoshi zikafika Dar es Salaam, zikamfikia Profesa Selestine, mtaalamu wa mifupa, ambaye naye alikuwa anahangaika na uhaba uleule. Akapiga simu kwamba anakuja kuona siku ya kuifungua.

Siku hiyo Cornel alivaa koti jeupe lililotiwa wanga hadi likasimama lenyewe. Profesa alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya chini na viatu vyenye vumbi la safari. Cornel alimpigia hotuba. Akamwonyesha mirija, matofali na ndoo, akamweleza pamba inavuta nini na muhogo unakaza nini, na hata habari za mbuzi hakuzificha, Profesa akacheka mpaka akavua miwani. Mwisho Cornel akaibandika picha kwenye kioo cha dirisha.

"Ufa ni huu hapa, Profesa. Muundi wa mguu wa kulia."

"Vizuri sana," akasema Profesa. "Twende tukauone."

"Nenda wewe, Profesa. Yule ni mama mkwe wangu."

Profesa akaelewa, maana hata kwao mambo hayo yapo. Akapita nyuma ya shuka alikokuwa Limi na mama yake. Cornel akabaki upande wa pili na Athanas, uso ukutani. Akasikia mkasi unaitafuna plasta, kwa shida, na ile shida ikamfurahisha. Akasikia maganda yanaangushwa kwenye beseni.

"Cornel," akaita Profesa. "Ulisema mguu gani?"

"Wa kulia, Profesa."

"Mbona uliofungwa ni wa kushoto?"

Cornel hakuelewa mara moja. Maneno yaliingia sikioni yakakaa pale mlangoni yakisubiri kukaribishwa. Kisha yakaingia. Wamefunga mguu mzima! Miezi miwili mguu mzima umelala kwenye nta na pamba kama mwana wa mfalme, na ule uliopasuka, ule wa kulia, ndio aliouamuru yeye mwenyewe kwa mdomo wake ukanyagiwe na kufanyiwa mazoezi. Aliona ule ufa unafunguka. Alimwona yule mama kwenye mkeka. Alimwona Limi.

Hakujua alivyofanya. Watu walimsimulia baadaye, na walimsimulia kwa raha zao zote. Alilivuta shuka likang'oka na kamba yake, akalivaa kichwani, akalivua, akatokea upande wa pili na koti lake lililokakamaa, akasimama uso kwa uso na mama mkwe wake, miguu yake yote miwili iko wazi kitandani hadi magotini.

Ng'wana Mageni alipiga ukelele, akajifunika uso kwa khanga. Limi akapiga kelele. Athanas, ambaye hakuhusika, naye akapiga kelele.

"Samahani, mama! Samahani!" Cornel alikuwa ameyafumba macho sasa, wakati faida ya kuyafumba imekwisha. "Profesa, ule wa kulia! Uangalie wa kulia! Umeharibika?"

"Wa kulia hauna kitu," akasema Profesa. "Una kovu la mchubuko gotini. Uliovunjika ni huu wa kushoto, hapa ninapobonyeza kwa kidole. Na umeunga, Cornel. Umenyooka kama rula. Hata kwa plasta ya ng'ambo sijauona uliounga hivi."

Athanas akaenda dirishani, akaibandua ile picha, akaigeuza, akaibandika tena. Mfupa mwembamba ukahamia upande wa pili.

"Makopa," akasema taratibu, "picha ulikuwa umeishika mgongo."

Watu wakaangaliana nani aanze kucheka. Cornel alifumbua macho, akautazama ukuta. "Sasa nani aliyesema mfunge wa kushoto?"

"Wewe," akasema Limi.

"Mimi?"

"Mimi niliposikia kulia nilianza kufunga huu wenye goti lililovimba. Mama akauzuia mkono wangu. Akasema hapana, mumeo amesema mguu wa kulia, na huu haulii. Nikakuuliza, ukasema wa kulia. Nikakuuliza tena, ukasema wa kulia kabisa. Nikadhani umeshuka kwenye Kiswahili cha mama, ambacho kulia ni kulila tu, kutoa machozi, ili akuelewe."

Chini ya khanga sauti ikatoka, haikumwelekea Cornel bali ilipitia kwa binti, kama inavyotakiwa.

"Limi, mwambie mkwe. Goti lilikuwa limevimba, lakini halikuniliza. Huu mwingine haukuwa na hata mkwaruzo, na ndio uliokuwa unalia usiku kucha. Yeye akasema funga wa kulila. Mwambie nilishangaa sana. Daktari gani huyu, anajua mguu unaolia bila kuuona!"

Hapo Profesa Selestine akakaa chini. Alicheka kwa machozi, akijipiga paja, na Athanas akaegemea ukuta, na Limi akazika uso kwenye mabega ya mama yake, na ile khanga nayo ikaanza kutikisika. Cornel alitaka kucheka nao, maana ndiyo ilikuwa kinga yake ya siku zote. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni kilio. Alilia kwa sauti, wima, katikati ya chumba, na koti lake gumu likawa linagonga kila anapopumua. Alilia kwa woga uliokuwa umempata na kwa aibu, na zaidi kwa shukrani, kwamba Mungu amewapa watu wa Didia Kiswahili kibovu kuliko elimu yake.

"Limi," ikasema khanga, "mwambie na yeye afungwe plasta. Naye ni wa kulila."

Profesa alipokuwa anaondoka na sampuli za mirija mfukoni, alimwuliza Cornel aseme nini huko Dar es Salaam.

"Sema plasta ni nzima," akajibu Cornel. "Mwenye ufa ni daktari. Haujahama, lakini apumzishwe."

Tangu siku hiyo ikawekwa kanuni pale hospitalini, na aliyeiweka ni Cornel mwenyewe. Kabla ya kuinua picha yoyote dirishani, daktari atakwenda kwa mgonjwa na kumwuliza, kwa lugha yoyote wanayoelewana, ni upi unaolia. Athanas naye akalazimishwa kujifunza kuandika upya, kwa herufi kubwa, ambazo zikigeuzwa hata mtoto ataona zimegeuzwa.

Kilichobaki ni faini. Kumwona mama mkwe kwa namna ile ni kosa, na kwa akina Ng'wana Mageni kosa hilo husafishwa kwa mbuzi. Cornel hakufikiri mara mbili ni mbuzi gani. Alimfunga kamba yule beberu aliyeipenda plasta kabla ya binadamu yeyote, akatembea naye hadi Didia, Limi akiwa mbele. Njiani beberu alijaribu mara kadhaa kumlamba mguu, kwa kumbukumbu.

Walipokaribia mji wa mama, Limi akachukua kamba na kutangulia. Cornel akabaki kwenye njia ya shamba la pamba, akageuka, akawapa mgongo, mikono ameikunja mbele kama mkwe mwenye adabu zake. Akasikia mlango. Akasikia Limi akisalimia, na mama akiuliza kama huyu ndiye mbuzi mwenyewe, na wote wawili wakicheka. Halafu akasikia nyayo zinatoka uani kuja kumpokea mbuzi, nyayo za mtu mzima asiyeshika fimbo.

"Wabeja, mkwe," ikasema sauti, karibu kuliko alivyotegemea.

"Asante kushukuru, mama," akauambia mpamba uliokuwa mbele yake.

Nyayo zikageuka kurudi. Hakuthubutu kutazama, na safari hii hakuwa na picha yoyote ya kuinua. Aliinamisha kichwa akasikiliza, kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza kifua cha mgonjwa, mguu mmoja, mguu mwingine, mguu mmoja, mguu mwingine, kishindo kilekile, hadi mlangoni. Haukulia hata mmoja.